Tao la Kikanisa cha Maman Zaina

Nimeacha kazi mwaka huu kwa sababu goti langu la kushoto limekataa kupanda ngazi. Wengine wanasema fundi Murhula amestaafu kwa heshima zake. Si kweli. Goti ndilo lililoamua, mimi nilifuata tu. Sasa ninyi vijana niliofanya nanyi kazi mnanipigia simu kila mara: papa, andika basi, utuachie kitu. Nikawauliza niandike nini, mkasema niandike namna ya kujenga. Namna ya kujenga mnaijua, na wengine wenu mnanipita, ila sitawataja maana vichwa vyenu vimeshavimba vya kutosha. Mimi nitaandika namna ya kuogopa. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya miaka yote bila kukosa hata siku moja.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Nyalukemba, kwenye ukuta wa kuzuia udongo. Hapa Bukavu, mnajua wenyewe, mtu hajengi nyumba kwanza. Anajenga ukuta kwanza, ili jirani wa juu asije akamshukia sebuleni pamoja na vyungu vyake. Nilifika nimevaa shati jeupe, na mkononi nina pimamaji mpya ambayo tonton wangu, kaka wa maman, alikuwa amenipa. Niliamini kwamba fundi ni mtu mwenye pimamaji. Muzee Cishugi, aliyekuwa mkubwa wa kazi pale, aliitazama pimamaji, akalitazama shati, kisha akanituma ziwani kuosha muchanga. Niliuosha mpaka jioni. Shati lile maman yangu alilikata akafanya vitambaa vya kusugulia sufuria, na pimamaji sikuigusa tena mpaka mvua zilipokwisha.

Muzee Cishugi alikuwa mfupi, mkavu, asiyependa maneno. Ujenzi wa mawe na chokaa alijifunza akiwa kijana kwa mabruda wa misheni, na alikuwa karibu wa mwisho mjini aliyejua kujenga tao bila chuma na bila beto, yaani zege. Nawaeleza tao kidogo, maana wengi wenu mmekulia kwenye simenti na mnafikiri kila dirisha lilizaliwa na linteli juu yake. Tao huwezi kulijenga hewani. Seremala anatengeneza kwanza umbo la mbao lenye mviringo wake, sisi tunaliita cintre, analisimamisha juu ya miti, na chini ya kila muti anaweka kabari. Fundi anapanga mawe juu ya mbao kutoka pande zote mbili mpaka lile jiwe la katikati linalofunga. Kisha mnangoja chokaa ishike. Kisha seremala anagonga kabari zitoke, mbao zinashuka, na tao linabaki peke yake. Ama halibaki.

Na katika timu ya Muzee Cishugi kulikuwa na desturi. Siku ya kutoa cintre, yule aliyepanga mawe anasimama chini ya tao. Si pembeni, si mlangoni. Chini kabisa, katikati. Mara ya kwanza nilimwona akifanya hivyo ni kwenye varanda ya nyumba moja Muhumba. Alisimama pale na sigara yake, seremala akagonga, vumbi likamwagika kwenye kofia, yeye akaendelea kuvuta. Nilimuuliza kwa nini anafanya vile. Akanijibu bila kunitazama.

“Nikiweka mutu mwengine pale, nitajenga mubaya.”

Miaka ikaenda. Muzee Cishugi alifariki kitandani kwake, hakuna tao lililomgusa. Mji ukageukia beto, na mimi nikageuka nao. Nilimwaga linteli na nguzo sijui ngapi, na hakuna mtu aliyeniagiza tao. Basi ile desturi nikaisifu sana kwa vijana. Niliieleza kila mahali, na kila mara nilipoieleza ilizidi kuwa nzuri, na mimi nilizidi kuwa karibu na Muzee Cishugi ndani ya hadithi. Ni rahisi kupenda desturi ambayo haikudai kitu. Wengi wenu mlinisikia nikisema, fundi wa kweli anajulikana siku ya kabari. Nilikuwa ninasema hivyo nimekaa kwenye kiti, na chai mkononi.

Kisha akaja Maman Zaina. Huyu ni mama wa Uvira, wa wale Waislamu wa biashara ya vitambaa ambao wazee wao walitoka pwani zamani. Alinunua nyumba ya zamani ya mukoloni mmoja aliyelima kwinini, miti ya dawa ya malaria, kwenye kilima, upande wa barabara ya Walungu, kwa sababu dawa ya joto la Uvira ni baridi ya kule. Nyumba ilikuja na bustani, na bustani ilikuja na kikanisa. Mwanamke Muislamu akajikuta ana kanisa la Wakatoliki karibu na jiko lake.

Kikanisa chenyewe kilikuwa kitu cha ajabu. Yule mukoloni wa kwinini alitamani kile cha kijijini kwao Ulaya, cha karne za kati, basi akaamuru kijengwe kingine kama kile. Kuta nene za mawe meusi ya volkano, unaweza kulala ndani ya dirisha na miguu isitokeze. Madirisha membamba, yenye ncha juu. Hakuna mnara, ila ukuta wa mbele unapanda mpaka juu ya paa, na juu kuna tundu la kutundikia kengele. Ndani, kati ya altare na watu, tao moja kubwa la mawe yaliyochongwa, lenye ncha vilevile. Alitaka kionekane kina miaka mia kadhaa kabla hakijamaliza hata mmoja. Angengoja tu. Mvua ya Bukavu ingemfanyia kazi hiyo bure.

Mukoloni alipoondoka, kikanisa kilikuwa ghala ya muhogo, kisha zizi la mbuzi, kisha askari walilala mule wakachoma mabenchi. Watu wa kilima wakakisafisha wakaanza kusali tena. Paa likapata manjanja, yaani mabati, mapya kwa michango. Halafu ardhi ikatetemeka, tao likapasuka katikati, mawe mawili yakashuka yakaning’inia. Kuanzia hapo walisali nje, chini ya shitingi, turubai la plastiki. Aliyewaongoza ni Maman Nsimire, mjane, mkulima wa maharagwe, ambaye aliutunza ufunguo wa mlango ule hata wakati ambapo ukuta wa pembeni ulikuwa na tundu la kupitisha ng’ombe. Alibatizwa mule, aliolewa mule, na mumewe amezikwa nyuma ya altare, nje.

Ingénieur wa serikali alikuja akatazama. Sitamsema vibaya, alikuwa sawa. Alisema tao limekufa, na likianguka litavuta kuta. Lijengwe upya kabla mvua hazijarudi, naye aje alione limesimama bila kitu chochote chini yake. Kama sivyo, kikanisa kibomolewe chote, kabla hakijaua mtu.

Maman Zaina aliniita. Nilimuuliza kwa adabu kama yeye, kwa dini yake, hataki tu kubomoa apate uwanja. Akanitazama kama mtu anayetazama kitenge kisichoshika rangi.

“Fundi, mimi nilinunua nyumba. Sikununua dhambi,” alisema.

Kisha akauliza kama ninajua matao. Nikajibu kwamba mimi ni mkono wa kuume wa Muzee Cishugi. Ukweli ni kwamba kwa Muzee Cishugi nilibeba chokaa, na matao niliyoyajenga mwenyewe yalikuwa mawili, ya madirisha, na moja lilikuwa la banda la kuku. Kuku hawakulalamika.

Tulianza mwisho wa mvua kubwa. Mugisho, seremala, rafiki yangu wa tangu ujana na mtu ambaye hajawahi kuniogopa hata mara moja, alisimamisha miti ya mikaratusi na kutengeneza cintre. Tulishusha mawe moja moja. Nilitoa amri kila jiwe lipigwe namba, tujue lilipotoka. Tulipiga namba kwa makaa. Nadhani mmeshaelewa. Mimi, niliyezaliwa Bukavu, niliyelowa Bukavu maisha yangu yote, niliandika kwa makaa kwenye mawe meusi na kuyaacha nje mwezi wa nne. Asubuhi mawe yalikuwa yameoshwa safi kabisa. Mugisho alikaa juu ya moja akacheka mpaka akaomba maji.

Ikabidi tuyapange upya chini, kwenye sakafu pana ambako zamani walianika maganda ya kwinini. Nilichora tao lote kwa kamba na chokaa, tukawa tunajaribu mawe, hili hapa, hapana, lile kule. Wamama wa kilima walikuja kusaidia kugeuza. Maman Nsimire aligusa jiwe lenye mstari mweupe akasema hili ni la juu, kushoto. Nilimuuliza anajuaje. Alisema katika mahubiri ya padri mmoja wa zamani, mtu alikuwa na muda wa kuyajua mawe yote. Tulilijaribu pale, likakaa. Mengine tulibahatisha, tukapima, tukabahatisha tena, mpaka viungo vyote vikalingana. Au vikaonekana kulingana, na huyo ndiye mdudu aliyeingia kichwani mwangu asitoke tena.

Chokaa niliiloweka mwenyewe na kuichanganya na muchanga ulioshwa vizuri. Kuosha muchanga ninajua. Simenti hatukutia, kwa sababu ukuta ule unatoa jasho, na simenti ingelifungia ndani. Mwishoni mwa mwezi wa tano tulipandisha jiwe la kufunga. Wamama walipiga vigelegele, Maman Zaina akatuma pilau. Nikala sana. Nilipomaliza nikainua macho, nikaliona tao lile kubwa, jeusi, na mimi ndiye niliyelipanga. Sahani ya pili nikaikataa.

Ndugu zangu, mwezi wa sita nilisema chokaa bado changa. Hilo lilikuwa kweli. Baadaye nilisema upepo wa kiangazi ni mubaya kwa kazi ya namna hii. Hilo nililitunga. Kisha pakawa na kilio kilimani, na mtu hatoi cintre wakati wa matanga, nilisema, ingawa hakuna mtu aliyewahi kusikia sheria hiyo. Mwezi wa saba likaniuma jino. Liliniuma kweli, lakini halikuwa jino la kuzuia kabari. Mugisho alikuwa akinisalimia kila asubuhi kwa kuuliza habari za jino kabla ya habari za watoto.

Wakati huo wamama walichoka na shitingi. Waliona paa lipo, miti imesimama imara, wakaingiza mabenchi. Sikuwazuia, maana miti ya Mugisho ingebeba kilima kizima. Jumapili ya pili wakaleta vitenge wakavitandika kwenye cintre, kutoka chini ya mawe mpaka kwenye miti, vikaning’inia vizuri kabisa. Wakaongeza maua ya karatasi. Wakamweka Bikira Maria kwenye ubao wa katikati. Wageni wakaja wakasifu ile kazi ya mbao, wakamuuliza Mugisho kama anaweza kutengeneza nyingine kama hiyo kwa parokia yao. Mugisho akaanza kutembea kifua mbele. Kila Jumapili ngoma zilipigwa chini ya tao langu, watu wakaruka, na mimi nilikuwa nje, karibu na muparachichi, nikisikiliza.

Sikupanda juu hata siku moja. Hilo lishikeni, maana ndilo somo lote. Fundi alipaswa kupanda kila wiki, afunue, atazame viungo, aguse. Mimi niliogopa nitakachokiona, basi nikavitazama vitenge.

Mwisho wa mwezi wa nane mawingu yakaanza kukaa juu ya ziwa. Ingénieur akatuma habari kwamba atafika Alhamisi. Maman Nsimire akanifuata nyumbani, kwa miguu, na magoti yake ni mabaya kuliko langu. Alikuwa na wazo. Tuziache mbao, alisema, zimependeza, watu wamezizoea. Nawaambia ukweli, nilitamani kumkumbatia. Lakini nilimweleza alichosema ingénieur, kwamba chini kusiwe na kitu.

“Parokia iko mbali, papa. Mimi sifiki tena,” akasema. “Bakibomoa pale, nitasali na kuku zangu.”

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Niliposema hivyo nilijisikia vibaya, maana wasiwasi wote ulikuwa wangu.

Alhamisi asubuhi niliazima kofia ngumu ya chantier, ile ya wajenzi. Sijui ilikuwa ya nini. Mawe yale yangenishukia, kofia ile ingesaidia tu watu kujua kichwa kilikuwa upande gani. Ingénieur alikuwa amesimama mlangoni. Maman Zaina alikuwa karibu naye, amejifunga mtandio vizuri, akisema kwamba yeye atabaki pale ili apatikane mtu wa kuwaeleza watoto wetu. Nikaenda katikati, chini kabisa, kama nilivyowahubiria miaka yote. Mugisho alishika nyundo akapiga magoti kwenye muti wa kwanza. Hakuniuliza habari za jino.

Hapo wakaingia wamama. Maman Nsimire mbele, wengine nyuma yake. Alimshusha Bikira Maria, akampa mwenzake, akaja akasimama karibu nami. Wengine wakasimama nyuma. Niliwaambia watoke. Ingénieur aliwaambia watoke. Maman Nsimire akamjibu, kwa upole, kwamba wamekaa chini ya tao hili kiangazi chote na hakuna aliyewafukuza.

“Ile ilikuwa chini ya mbao, maman,” nikasema. “Leo mbao zinatoka. Tokeni.”

“Na weye?”

“Mimi nilijenga.”

“Kama ulijenga muzuri, sisi tunaogopa nini?”

Nilikuwa na majibu mengi, majibu ya chokaa na upepo na matanga, na yote yalikuwa yamekwisha. Nikamtazama yule mama, magoti yake yamejikunja, mkono umeshika wangu, na nilijua kwamba sitaweza kusema gonga na yeye yuko pale. Kumbe Muzee Cishugi hakuwa anaeleza ushujaa. Alikuwa anaeleza hilo tu, kwamba mtu mwingine akiwa chini, huwezi.

“Ninaogopa, maman,” nikasema. “Tangu mwezi wa sita. Yale mawe tuliyabahatisha. Sijui kama yamekaa. Sina jino lolote linaloniuma.”

Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta, maana mkono mmoja alikuwa nao yeye na kwa mwingine nilikuwa nimeshika ile kofia ya upuuzi. Nilifikiri sasa watatoka. Hakuna aliyetoka.

“Shefu,” akaita Mugisho.

Nikamwambia angoje, asigonge.

“Sijagonga,” akasema.

Alikuwa amenyoosha mkono. Kabari ilikuwa kiganjani mwake. Aliigusa tu ajue imekaza kiasi gani, nayo ikatoka kama mkate kwenye kikapu. Akaenda kwenye muti wa pili, akaishika kabari yake kwa vidole, ikatoka. Akatazama juu. Kisha akapanda, akaanza kuvua vitenge.

Ingénieur akapanda upande wa pili bila kuvua koti. Walipofunua kitenge cha mwisho, tukauona mwanga. Ulikuwa mwembamba, ulipita kati ya mbao na mawe kutoka upande mmoja wa tao mpaka mwingine. Ingénieur aliingiza kiganja chake chote pale, akakipitisha polepole mpaka juu kwenye ncha, hakikugusa kitu. Mugisho akashika kichwa. Mikaratusi tuliikata mbichi, na kiangazi chote ilikuwa inakauka na kusinyaa. Mbao zilishuka zenyewe, taratibu, na tao likaubeba uzito wake jiwe kwa jiwe, hakuna aliyejua. Wiki gani, hatujui. Katikati ya ngoma ipi, hatujui. Wamama walikuwa wakiruka chini ya mawe matupu, na mimi niko kwenye muparachichi natunga sababu.

Nilikaa chini sakafuni. Nilicheka na kulia pamoja, mambo ambayo fundi mkubwa hapaswi kuyafanya mbele ya ingénieur. Naye aliteremka, akajifuta vumbi, akasema tu kwamba kikanisa kitabaki. Maman Zaina akavua viatu akaingia mpaka katikati, akainua uso akalitazama tao.

Maman Nsimire hakuwa ameuachia mkono wangu. Aliinama kwa shida juu ya yale magoti yake, mpaka uso wake ukawa karibu na wangu, na alikuwa anatabasamu.

“Kumbe papa,” akasema, “tao ndiyo ilikuwa inakungoja weye.”